Ameandikwa Kwenye Daftari la Mpika Chai

Sehemu ya Nne

Kwa wewe uliyechelewa kuketi, nakusogezea kiti. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mpika chai na mfagiaji wa ofisi iliyo ghorofa ya tatu. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika darasa la jioni. Fomu za wodini alizokuwa akiniletea dada yangu, muuguzi, ndizo nilizojifunzia kunakili herufi.

Bosi wetu tunamwita Bwana Mtaji. Kazi yake ni kuchukua fedha za matajiri wa ng'ambo na kuzitia katika kampuni changa za huko huko ng'ambo: mashine zinazojibu maswali kama watu, ndege ndogo zisizo na rubani, sarafu zisizoshikika kwa mkono.

Wenye kampuni hizo walikuwa wakija kumwomba mtaji, na mimi nawapelekea chai. Niliyemwona anaangamia, nilimwandika kwenye daftari langu la maombi. Mzima simwandiki. Mzima anaombewa nini?

Siku moja nikalisahau daftari kando ya birika. Bwana Mtaji akalikuta, akatupia jicho majina ya mwanzo tu, akadhani ndizo kampuni zilizobarikiwa. Akatia fedha katika ile ya kwanza. Wiki mbili baadaye kampuni kubwa ikainunua kwa bei ya kutisha.

Wiki iliyopita niliishia pale aliponiita kwenye chumba cha vioo na kufunga mlango. Nilidhani nafukuzwa kazi. Laiti ningefukuzwa.

*

"Mama, kaa," alisema Bwana Mtaji.

"Nisimame tu, bosi. Viti hivi navijua, navifuta kila siku. Vinazunguka."

"Kaa."

Nikakaa. Kikazunguka. Nikajikuta natazama ukuta. Akanirudisha kwa mkono, kama mtu anayegeuza sufuria jikoni.

"Kazi hii nimeisomea ng'ambo miaka minane," akasema. "Unajua nilifundishwa nini? Kati ya kampuni kumi, saba zitakufa, mbili zitachechemea, moja itazifidia zote. Kazi yangu ni kuijua hiyo moja. Na sijawahi kuijua, Mama. Napiga ramli nikiwa nimevaa suti."

"Usiseme hivyo, bosi."

"Nasema. Wewe umeijua mara ya kwanza tu. Niambie, unawachaguaje?"

Hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi, hata upepo wake nikausikia usoni.

"Natazama kikombe," nikasema.

"Kikombe?"

"Anayeiacha chai ikapoa mpaka ikafanya utando, huyo namwandika."

Vidole vyake vikakimbia kwenye kompyuta. "Utando..." alinong'ona akiandika. "Yaani amezama katika kazi hata anasahau kula! Mama, mimi siku zote nawaambia wenzangu: sinunui kampuni, nanunua njaa ya mwenye kampuni. Na wewe unaiona njaa kwenye kikombe!"

"Sivyo, bosi. Mimi ninachoona ni..."

"Kuanzia leo hupiki chai."

Nikaanza kuinuka kwenye kiti.

"Utakaa nami kwenye mikutano. Mshauri. Mshahara mara tatu. Na ada ya darasa lako la jioni nalipa mimi, mpaka mtihani wa mwisho."

Ndugu msomaji, sehemu ya kwanza niliahidi kuungama, basi naungama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, "Bosi, hilo ni daftari la wanaozama." Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Kilichotoka ni:

"Mungu akubariki."

Wakati wa kushuka ngazi nilitubu ghorofa ya tatu. Nikatubu tena ghorofa ya pili. Nilipofika ya kwanza nilikuwa napiga hesabu ya mshahara mara tatu.

*

"Shikamoo, Mkurugenzi!"

Huyo ni dereva wa ofisi. Ana miaka thelathini, na mdomo wa miaka mia.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta wa kioo, Mama Chai. Nimeona kila kitu. Umezunguka mara mbili."

"Mara moja."

"Sasa chai atapika nani?"

"Hata sijui."

"Tumekwisha. Ofisi ina mshauri na haina chai." Akasogea karibu. "Lakini Mama, ukimwandika mwingine, nitonye. Na mimi nina vijisenti vyangu."

"Daftari la maombi si la kutonya watu."

"Kwani manabii walikuwa wakifanya nini?"

Nikamwambia aogope Mungu. Akasema anamwogopa, ndiyo maana anataka kujua amesema nini.

*

Jumanne akaja mtu wa sarafu.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ameshuka na ndege siku iliyotangulia. Suti nzuri. Begi la magurudumu, ambalo hakukubali liwekwe kona. Alilibana katikati ya miguu kama mtoto anayeweza kupotea sokoni.

Chai alipika dereva. Kwa haki ya Mungu, chai ile hata mzima angeiacha.

"Sarafu yangu ni ya mtandaoni, na ni ya wastaafu," alisema. "Mtu anachukua kiinua mgongo chake, ananunua sarafu, inakaa kwenye simu yake. Kila siku inapanda. Haijashuka hata siku moja."

"Na funguo zake?" akauliza Bwana Mtaji. "Fedha zote zinafunguliwa na nani?"

Mtu wa sarafu akaligonga begi. "Kompyuta moja, nenosiri moja, kichwa kimoja. Hakuna mwizi atakayeingia."

Bwana Mtaji akanigeukia. "Mshauri, una swali?"

Mwalimu wetu wa jioni hutuambia kwamba asiyeelewa na aulize swali la mtoto, maana mtoto haoni haya. Nikauliza:

"Mtu akitaka fedha yake, nani anampa?"

"Anauza sarafu zake."

"Anamuuzia nani?"

"Mwingine anayeingia."

"Na yule mwingine akitaka kutoka?"

"Anamuuzia mwingine anayeingia."

"Na wakikosekana wa kuingia?"

Akacheka. Bwana Mtaji akacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

"Mama, watu hawaishi," akasema mtu wa sarafu. "Kila siku watu wanastaafu."

Alicheka kwa meno tu. Macho yalikuwa mlangoni. Mkono wake ulipogusa kisahani, kikombe kiliimba. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na chumba kile kina baridi ya mashine hata mimi huvaa sweta nikikifagia. Nikamwonea huruma kama ninavyomwonea huruma mtu aliyepanda juu ya paa, na ngazi imeondolewa.

Nikalitoa daftari. Safu zangu ni tatu, kama fomu za dada: jina, alivyo leo, na mwisho, mahali ambapo dada huandika dawa, mimi naandika ombi. Nikaandika:

"Mtu wa sarafu. Chakula hakimpiti. Usingizi hana. Mikono inatetemeka. Anatazama mlango kila dakika. Ee Mungu, mfungulie mlango huo anaoutazama."

Sikuwa nimeweka hata nukta nikasikia Bwana Mtaji akipiga meza.

"Ameandikwa!"

Siku hiyo hiyo alitia fedha. Aliwapigia na wenzake wa ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yao. Neno moja tu nililielewa, kwa kuwa alilisema kwa Kiswahili, kama jina la dawa mpya: "Ameandikwa."

Wakati wa kuondoka, mtu wa sarafu alinisubiri ngazini.

"Mama, umeniandika nini?"

"Hilo ni langu na Mungu."

"Ni jema?"

"Ni ombi."

"Mimi tangu mama yangu aondoke hakuna aliye..." Akaacha hapo. Akaliburuta begi lake chini, ngazi kwa ngazi, likigonga kila moja.

*

Dereva anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Basi unajua neno lilifika nyumbani kabla yangu.

Naishi na dada yangu mkubwa, katika vyumba viwili vya kupanga. Tulipokuwa wasichana mama yetu aliugua miaka mingi, na ilibidi mmoja wetu aache shule amhudumie. Niliacha mimi. Dada akasoma, akawa muuguzi, na kwa mshahara wake wa kwanza alininunulia viatu. Amestaafu miezi mitatu iliyopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya wodi. Mwenye nyumba anauza vyumba hivi, na alikuwa amempa dada mpaka mwisho wa mwezi avinunue kwa kiinua mgongo chake. Tukivikosa, sisi wanawake wawili wazee tunaanza kutafuta mlango mwingine wa kubisha.

"Shikamoo, dada," nilisema Jumatano, nikivua viatu.

"Marahaba. Ameandikwa?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyo wa sarafu. Dereva ameweka vyake jana, leo vimepanda. Ananionyesha simu mpaka kioo kinapata joto."

"Dada, kiinua mgongo chako ni vyumba hivi."

"Kitakuwa nyumba nzima. Wiki moja tu. Naingia, natoka."

"Unatoka kwa nani?"

"Nini?"

"Ukitaka kutoka, unamuuzia nani?"

Akavua miwani. "Wewe juzi juzi ulikuwa unashika kalamu kama mwiko, leo unanifundisha biashara?"

"Dada, sikumwandika kwa sababu atatajirika."

"Umemwandika kwa sababu gani?"

"Namhurumia."

"Basi nihurumie na mimi! Bosi wako, aliyesoma mpaka nywele zikamtoka, anakufuata wewe. Anakulipa mara tatu. Mimi niliyekufundisha kuandika 'a' ndiye unayenizuia?"

Nikajaribu tena. "Sijapata amani moyoni, dada."

Lilikuwa kosa kubwa.

"Amani!" Akasimama, goti lake la kushoto likalia. "Miaka kumi na miwili iliyopita nilitaka kununua kile kiwanja cha kona. Ukaniambia umeomba, na hukupata amani. Nikakusikiliza. Leo kina jengo la ghorofa nne, na nguo zangu haziwahi kukauka kwa sababu ya kivuli chake. Amani yako naijua, mdogo wangu. Naianika kila Jumamosi."

Kiwanja kile nimekitubia miaka kumi na miwili, na bado kinaongezeka ghorofa.

Ningeweza kumpa daftari asome mwenyewe. Lakini nilikuwa sijawahi kumwonyesha mtu, hata yeye. Na akisoma angejua kwamba mshahara mara tatu naula kwa uongo. Nikajiambia, njia iko moja. Kesho nitamwambia bosi. Bosi akitoa fedha zake, dada ataona na ataogopa. Ukweli utafanya kazi bila mimi kuaibika mara mbili.

Mtu akipanga kuungama kwa hesabu, ajue Shetani ndiye anayemshikia karatasi.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi nikaingia chumba cha vioo. Sikukaa.

"Bosi, nina neno. Daftari lile ni la wagonjwa."

Alikuwa na simu mbili mkononi. "Wagonjwa gani?"

"Wote waliomo. Simwandiki mtu kwa kuwa atafaulu. Namwandika kwa kuwa namwona anazama. Ile kampuni ya kwanza ilipona tu, kama baadhi ya wagonjwa wanavyopona. Wenye afya, wanaomaliza chai na kuomba ya pili, sijawahi kuwaandika hata mmoja."

Akaziweka simu mezani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka.

"Mama, unajua umefanya nini? Kule ng'ambo watu ishirini na mmoja wametia fedha tangu Jumanne. Watu wazito! Kwa nini wametia? Kwa kuwa mimi nimetia. Mimi nimetia kwa kuwa wewe umeandika. Na wewe umeandika kwa kuwa umehurumia! Tumeshikana mashati, Mama, mstari mrefu, kila mmoja anamwamini aliye mbele yake. Na wa mbele kabisa ni wewe, na wewe umefumba macho unaomba!"

"Nisamehe, bosi."

"Nikusamehe nini? Hivi ndivyo tunavyofanya kazi siku zote. Tofauti ni kwamba wewe umesema."

"Basi utazitoa fedha zako?"

"Leo hii."

Nikainua mikono kushukuru. Mikono ikaishia njiani. Swali la mtoto lilikuwa limerudi.

"Bosi. Unamuuzia nani?"

Kicheko kikazimika. Akatazama nje, kwenye barabara iliyojaa watu wanaokwenda kazini.

"Mwingine anayeingia," akasema polepole. "Mama, fanya hivi. Usimwambie mtu yeyote mpaka jioni."

"Dada yangu anataka kuingia."

"Mwambie asiingie."

"Hanisikii."

Alikuwa ameshampigia simu mtu wa sarafu, na sauti yake ilipasua kioo: "Nataka kutoka leo! Zangu zote!... Usiniambie kesho!... Nimeambiwa wewe ni mgonjwa. Na nani? Na mwenye daftari mwenyewe!"

Nikatoka mbio. Safari hii sikutubu ngazini. Pumzi haikutosha.

*

Foleni ililishika basi langu, dada hakupokea simu, na nilipofika nyumbani saa tano ilikuwa imepita. Dada alikuwa mezani, kavaa gauni la kutokea, simu imesimamishwa kwenye kopo la sukari kama picha ya mkwe.

"Karibu, mshauri. Saa nne kamili nimetuma."

"Kiasi gani?"

"Usiniangalie hivyo."

"Dada, kiasi gani?"

"Chote. Na zimeshapanda. Njoo uone."

Nilikaa sakafuni. Kisha nikalitoa daftari kwenye mkoba nikamwekea mapajani.

"Soma," nikasema. "Soma yote. Halafu nipige ukitaka."

Alifungua akitabasamu. Kurasa mbili za mwanzo tabasamu lilikuwepo bado. Ukurasa wa tatu akavaa miwani. Wa nne akalisogeza daftari dirishani. Nikaona mgongo wake unanyooka, kidogo kidogo, mpaka akawa yule dada ninayemjua, anayepita katikati ya vitanda na hakuna anayethubutu kukohoa ovyo.

"Haya si maombi," akasema. "Hii ni raundi ya asubuhi."

"Nilinakili fomu zako. Ndivyo nilivyojifunza kuandika."

"Bwana Mtaji yumo."

"Hamalizi chai yake tangu mwaka juzi."

Akafungua ukurasa mwingine.

"Na mimi nimo."

"Ndiyo, dada."

Akasoma kwa sauti, kama anasoma hali ya mtu asiyemjua: "'Dada yangu. Goti la kushoto. Anacheka kuliko kawaida tangu astaafu. Asubuhi anavaa saa ya kazini, halafu anaivua. Ee Mungu, mpe mtu wa kumhudumia.'"

Hakunitazama. Alifuta miwani kwa ncha ya gauni, akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho. Kidole chake kikasimama.

"Mikono inatetemeka. Usingizi hana. Anatazama mlango." Akalifunga daftari, kidole kikiwa bado ndani. "Huyu namjua. Kila wodi ina mmoja. Anakwambia 'sijambo, muuguzi', anakuchekea, ukigeuka kuchukua dawa ameruka dirishani na sindano ya maji mkononi. Na mimi nimempa kiinua mgongo changu?"

"Dada, nilijaribu kukwambia."

"Ulijaribu kwa mdomo uliojaa mshahara mara tatu," akasema. "Ndiyo maana sikukusikia vizuri."

Neno hilo nimelistahili, na nimeliandika hapa lilivyo.

Simu yangu ikalia. Dereva.

"Mama Chai," alinong'ona. Dereva kunong'ona! Nikajua kumeharibika. Nikaiweka simu kwa sauti kubwa ili dada asikie. "Mama, niko na mgonjwa wako. Bosi alinipa nimwendeshe wiki nzima, sasa amenirukia garini na begi lake, anasema uwanja wa ndege, upesi. Nimesimama kituo cha mafuta, namdanganya gari lina kiu. Mama, vijisenti vyangu! Nifanye nini?"

Dada akainyakua simu.

"Dereva."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Begi liko wapi?"

"Amelipakata."

"Ndege yake saa ngapi?"

"Saa nane."

"Tangi?"

"Limejaa tangu asubuhi."

"Vizuri. Rudi ndani, funga milango, washa gari. Halafu zunguka. Pita hospitali, pita soko, pita hospitali tena. Usifike."

"Nizunguke mpaka lini?"

"Mpaka nivae viatu."

Alikuwa ameshavichukua chini ya kitanda, vile vyeupe vya kazini, ambavyo alikuwa amevifunga kwenye gazeti tangu siku ya kuagwa. Akiwa anafunga kamba ya kwanza, tukasikia kwenye simu kioo cha gari kinashushwa. Kisha sauti nyingine, ya mtu aliyechoka sana.

"Ni yule mama wa daftari? Nipe."

"Bosi, hii ni simu ya mke wangu," dereva akajikanyaga.

"Nipe, kaka. Nimesikia kila kitu. Milango ifunge tu, sina haraka."

Pakawa na mkwaruzo. Kisha akawa karibu, kana kwamba yumo chumbani.

"Mama. Ni kweli ulimwambia bosi wako mimi ni mgonjwa?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Bosi wako ametaka kutoka, na wenzake ishirini na mmoja wakamfuata asubuhi hii hii, wote kwa pamoja. Aliyeingia ni mmoja tu. Saa nne kamili. Fedha yake bado nzima, sijaigusa. Iko hapa magotini kwangu."

Dada aliacha kufunga kamba.

"Naweza kuirudisha ilikotoka, kwa kidole kimoja," akasema. "Naweza pia kushuka hapa, nikachukua teksi, nikaenda nayo. Nimekaa hapa najiuliza, na mimi nafsi yangu siiamini tena. Siku zote nimesema uongo, na kila mtu ameniitikia. Wewe peke yako umeniona jinsi nilivyo, halafu hukunicheka. Ukaniombea." Akavuta pumzi. "Siku ile ngazini ulikataa kuniambia. Leo nisomee ulichomwomba Mungu juu yangu. Neno kwa neno. Lolote uliloomba, ndilo nitakalolifanya."

Nikalitazama daftari, mapajani mwa dada, kidole chake kikiwa bado kwenye ukurasa ule ule.

*Ee Mungu, mfungulie mlango huo anaoutazama.*

Niliandika kwa mkono wangu, kwa moyo wangu wote, na sijawahi kudanganya mbele ya daftari lile. Na mlango anaoutazama sasa ni wa uwanja wa ndege.

"Mama?" akasema. "Nisomee."

Nikanyoosha mkono kulichukua. Na dada yangu, aliyekwisha kusoma, akatandaza kiganja chake juu ya ukurasa.